Darasa Lililokatazwa Kuugua

Vijana wangu mnaofundisha watoto kanisani, mliponiita kwenye semina yenu mliniomba niseme jambo nililosifiwa kuliko yote katika kazi yangu ya ukatekista. Mlitaka kunitia moyo, nawashukuru. Jambo lenyewe ni hili: kwa miezi saba, katika darasa langu la watoto wadogo upande wa Walikale, hakuna mtoto hata mmoja aliyeugua. Si homa, si jino, si tumbo, wala mafua ya siku mbili. Padri alilitangaza mbele ya makatekista wote wa misioni, nami nikasimama nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi tangu asubuhi.

Nitawaeleza nilivyofanya, ili siku mkimwona mwenzenu anaelekea huko mumshike mkono kabla hajasifiwa.

Mimi ni mtu wa Karuba, mtoto wa wakulima wa maharagwe na viazi. Kazi hii nilifundishwa kwanza na Papa Setefano, katekista mzee wa Muheto, ambaye hakuwa na cheti chochote na alikuwa akisoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Huyo mzee ndiye aliyeniambia kwamba mwalimu wa watoto asimame mahali ambapo jua litampiga yeye usoni, siyo wao. Aliniambia somo la mtoto mdogo liwe limekwisha kabla ndizi iliyowekwa kwenye makaa haijaiva. Aliniambia nisiulize kamwe "Mmeelewa?", kwa sababu wote watajibu ndiyo, pamoja na yule aliyesinzia. Na kila mtoto alipoingia, Papa Setefano alimtazama miguu kwanza, uso baadaye. Nilipomuuliza sababu alisema, "Uso, mama yake ameisha kuipangusa. Muguu, hapana."

Niliyasikia hayo yote kwa heshima na kuyaweka kando. Baadaye nilikwenda shule ya makatekista, nikafanya mtihani, nikapewa karatasi yenye mhuri, na mtu mwenye karatasi yenye mhuri hatazami miguu ya watu.

Wakati huo vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na misioni ilikuwa imepokea vifaa vipya vya kufundishia. Mimi nilipata picha kubwa moja ya kutundika ukutani: Yesu amebeba kondoo mabegani. Ilichorwa kutufundisha jinsi Mungu anavyowapenda wanaoteseka. Niliitundika kwanza Karuba, kwa watoto wa wafugaji. Waliitazama kwa makini sana, kisha mmoja akauliza, "Sasa zile zingine amezibakishia nani?" Nikasema ameziacha mlimani. Darasa zima likasikitika. Walikubaliana kwamba huyu Bwana ana huruma, lakini baba zao wasingempa hata ndama mmoja kuchunga.

Nilipohamishiwa Walikale nikaibeba picha ile mgongoni siku nne kwa miguu, nikishuka kutoka kwenye milima ya nyasi mpaka kwenye msitu ambamo mtu hulitafuta jua kama anavyotafuta kitu alichoangusha. Watoto wa huko, baba zao walikuwa wakulima wa mihogo na ndizi, na wawindaji wa kutumia nyavu na mbwa. Nao waliitazama picha. Wao walitaka kujua kama kondoo yule atapikwa jioni ile ile au kesho yake. Nikaikunja, nikaiweka juu ya dari, panya wakaipata.

Basi nikabaki na kitabu kidogo cha maswali na majibu. Swali: Kwa nini watu wanateseka? Jibu: Kwa sababu ya dhambi. Watoto walilikariri siku moja tu, wakaliimba mpaka mtoni. Lakini kesho yake Silivestri, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, akauliza, "Zambi gani, mwalimu? Miye sikio njo inaniuma."

Hapo, vijana, palikuwa na neno dogo la kusema: sijui. Papa Setefano alilitumia neno hilo mara tatu kwa juma na hakuna aliyemdharau. Lakini mimi nilikuwa mgeni kijijini, nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nimevaa kaptula iliyopigwa pasi. Nikamwambia, "Sikio ni dhambi ya kutomtii mama." Silivestri akakaa chini, kwa sababu ilikuwa kweli hakumtii mama yake. Nani kati yao alimtii? Nilipoona nimepatia, nikaendelea. Jino nikawapa waongo. Tumbo nikawapa wezi wa ndizi. Homa ilikuwa ya wenye hasira, na kidonda cha mguu nikawatengea wale ambao miguu yao ilikuwa mizito kuja misa. Nilijivunia hasa hicho cha kidonda. Nilikiona kina mantiki.

Nikatengeneza na benchi. Liliwekwa karibu na mlango, na kila asubuhi aliyekuwa mgonjwa alisimama juu yake, akataja ugonjwa, akataja dhambi yake, na wenzake wakamwimbia wimbo wa toba. Sikumpiga mtoto yeyote, hilo nilijisifu nalo. Juma la kwanza benchi lilijaa. Juma la pili walikuwa watatu. Juma la tatu hapakuwa na mtu, nami nikawa nalikalia mwenyewe wakati wa kula mhogo wangu.

Mnacheka? Subirini. Silivestri alipata kikohozi cha mvua, na nilimwona kwa macho yangu akikimeza. Kikohozi kilipanda, macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, yeye akakirudisha chini na kuendelea kuimba na wenzake. Nikafikiri: angalia jinsi neema inavyofanya kazi. Kisha jino langu mwenyewe likaanza kuuma. Upande mmoja wa shavu ulivimba, na watoto arobaini wakanitazama shavu hilo kwa utulivu mkubwa. Walikuwa wanajua jino ni la nani. Majuma mawili nilifundisha nikiwa nimewageuzia upande ule mwingine, na nyimbo nilizianzisha kwa kunyoosha mkono tu. Hata hapo sikuelewa kitu. Mtu anaweza kuficha jino lake la kuoza na bado akaamini kwamba watu wengine hawana la kuficha.

Sasa niwaeleze kuhusu Padri wetu. Watu walimwita Padri Mbiyombiyo, kwa sababu kila alipofika alikuwa tayari anaondoka. Alisafiri kwa kipoyi, kile kiti cha miti kinachobebwa na watu wanne, na hata humo ndani alikuwa akiandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vijiji vingi mno, na kila kijiji kilikuwa na mstari wake katika daftari: wabatizwa wangapi, ndoa ngapi, watoto wangapi wamekuja, wangapi wamekosa na kwa sababu gani. Alipofika kwenye mstari wangu akakuta mahali pa wagonjwa pamebaki patupu miezi yote. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Karoli, hapana mugonjwa?"

"Hapana, Padri."

"Hata moja?"

"Mungu anawalinda, Padri."

Ndipo akanitangaza mbele ya wenzangu, na akaniahidi baisikeli. Njia ya kwenda kijijini kwetu ilikuwa ya mizizi na matope, na mito miwili ilivukwa juu ya gogo. Hapakuwa na mahali pa kuiendesha baisikeli hata hatua ishirini. Niliitaka kuliko kitu chochote duniani.

Katika darasa hilo alikuwamo mtoto aitwaye Godeliva, wa miaka minane hivi, aliyelelewa na bibi yake. Kijiji kizima kilimwita bibi huyo Tate. Godeliva ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu kila swali, na alikaa mbele kabisa, magoti yakigusa magoti yangu. Siku moja akahamia nyuma, kwenye kona, akiwa amejifunga kitambaa cha mama mtu mzima mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikasema anakua, anajifunza kuona haya. Nikamsifu mbele ya wenzake.

Baada ya siku kadhaa darasa likaanza kunuka. Nikasema ni panya amekufa darini. Nikawapandisha wanaume wawili juu, wakafumua majani ya paa upande mzima, wakakuta picha yangu ya kondoo na hawakukuta panya. Nikasema basi yuko ukutani. Tukabomoa udongo wa ukuta. Mwishowe nikahamishia darasa nje chini ya anga, na nikamwandikia Padri kwamba tunafundisha nje kwa ajili ya hewa safi. Ninyi mnaweza kuona panya alikuwa wapi. Mimi nilikuwa na pua na macho kama ninyi, lakini nilikuwa na cheti juu yake.

Ndipo Godeliva akakosa kuja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakasirika kweli, kwa sababu Padri alikuwa njiani kuja kwetu na baisikeli yangu, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja anayetaka kuniharibia mstari. Asubuhi ya Jumamosi nikachukua kitabu changu nikaenda nyumbani kwa Tate kumgombeza.

Nilikuta uwanja umejaa watu. Hapa lazima niwaeleze desturi yao. Kule, mtu akiugua sana, hawamkimbizii dawa mara moja. Kwanza huwaita jamaa wote na majirani, na kila mmoja hupiga funda la maji mdomoni, hufikiri kama ana kinyongo na mgonjwa, kisha huyatema maji chini mbele yake na kusema wazi: kilikuwa hiki, kimekwisha. Wanasema dawa haiingii katika mwili wa mtu ambaye kuna mwenzake amemfungia moyo. Mimi jambo hilo nilikuwa nimelikemea kanisani Jumapili tatu mfululizo. Nililiita mambo ya kipagani, na nilikuwa nimeonyesha kwa kuigiza jinsi wanavyotema, watu wakacheka.

Godeliva alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini. Kitambaa kilikuwa kimefunuliwa. Sitawaeleza ule mguu, nitasema tu kwamba kidonda kilianzia chini ya goti kikaishia kifundoni, na kwamba mfupa una rangi yake. Mwili ulikuwa wa moto, midomo imekauka. Tate alikuwa amekaa kichwani pake. Aliponiona hakunisalimia.

"Mwalimu, umefika. Tunakungoja weye."

"Tate, kwa nini hamjampeleka kwa munganga? Disipanseri iko nusu siku tu kutoka hapa!"

"Tunamupeleka namna gani? Anakatala. Tukimushika anapiga makelele mpaka anazimia. Anasema munganga atamuuliza zambi yake, na ye hana ya kusema." Akanionyesha watu uwanjani kwa mkono. "Hawa wote banaisha kutema. Mujomba yake, majirani, hata ule mama wa pale ngambo tulipigana naye juu ya kuku. Amebakia muntu moja. Mutoto anasema njo weye iko na kasirani naye."

Nikapiga magoti karibu na mkeka. Nilitaka kusema kitu cha kitabuni. Godeliva akanitangulia, kwa sauti ndogo, kama anayetoa taarifa.

"Mwalimu, nilitafuta. Misa sikukosaka hata moja. Nikasema labda niliiba, nikakumbuka chumvi ya Tate, nikaisema kwa Mungu. Kidonda ikazidi. Nikasema labda nilitukana muntu. Nikatafuta mingi, mwalimu. Zambi yenyewe siioni."

Majuma mengi mtoto huyo alikuwa amekaa kwenye kona ya darasa langu, ananuka mauti, anatafuta ndani ya kichwa chake cha miaka minane kitu ambacho mimi nilikitunga kwa dakika moja ili nisiaibike mbele ya Silivestri. Vijana wangu, nimezika watu wengi maishani, na sijawahi kuona aibu kama niliyoiona kwenye mkeka ule. Nasema aibu, sisemi huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

Tate akaninyooshea kibuyu cha maji.

"Tema, mwalimu. Ao uende zako, tujue."

Nikapiga funda. Mashavu yangu yalikuwa yamejaa hivi, na nilikuwa bado nafikiri maneno, wakati watu walipoanza kugeuka nyuma. Kipoyi kilikuwa kimeingia uwanjani. Padri Mbiyombiyo alikuwa amekuta kanisa tupu, akafuata njia mpaka pale. Nyuma ya kipoyi walikuja wanaume wawili wamebeba baisikeli kichwani, inang'aa, magurudumu yake yakizunguka polepole hewani.

"Karoli! Wewe nafanya nini hapa?"

Sikuweza kujibu, mnaelewa kwa nini. Nilisimama mbele ya Padri wangu na uso kama wa chura. Na nitawaambia ukweli wote, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuzungumza nanyi: nilikuwa na jibu tayari. Nikimeza maji yale, ningesema, Padri, nimekuja kukemea upagani, na angeniamini, na jioni ningekuwa na baisikeli. Sentensi ile ilikuwa imenyooka kichwani mwangu kuliko kaptula yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kumeza tu.

Godeliva hakumtazama Padri wala baisikeli. Alikuwa akinitazama koo, aone kama litashuka.

Nikatema. Kwa kuwa sikuwa na uzoefu, nusu yalimwagikia kitabu. Nikasema kwa lugha ya pale, wote wasikie: "Hii kidonda haikutoka kwa zambi ya mutoto. Ni miye nilisema vile, na nilisema uongo, juu sikutaka kusema sijui. Sina kasirani na Godeliva. Kama ye njo iko na kasirani na miye, iko na haki."

Hapakuwa na muujiza. Godeliva alifumba macho, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akasema, "Munibebe sasa."

Padri alikuwa amekuja juu kwa hasira, ananiambia huu ni ushenzi, na kwamba mimi, mimi mwenyewe, na maji mdomoni! Kila alivyozidi kunigombeza alizidi kusogea, na kwa kusogea alifika mahali ambapo harufu ilimpata. Akautazama mguu. Kisha akavua kofia, akageukia wabebaji wake.

"Toa vitu yangu ndani. Muweke mutoto."

Basi Godeliva akaenda disipanseri ndani ya kipoyi cha Padri, na Padri akaenda kwa miguu. Msidhani alikuwa amelainika. Njia nzima, kwenye mizizi na juu ya magogo, alinihubiria juu ya upagani bila kurudia neno hata moja, viatu vyake vikitoa sauti kwa matope. Lakini alitembea. Mimi nilichukua zamu ya mti mmoja wa mbele, Tate akafuata na sufuria.

Katikati ya msitu mtoto akafungua macho.

"Mwalimu. Kama haikutoka kwa zambi, inatoka wapi?"

"Sijui."

"Haujue?" Alishangaa kweli. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

"Sijui, Godeliva."

Akafikiri. "Mungu iko najua ninaumwa?"

"Anajua."

"Na iko na kasirani na miye?"

"Hapana. Hata kidogo."

"Umejua hiyo namna gani, na ile ingine haujue?"

Shule ya makatekista haikuwa na swali hilo. Jasho lilikuwa linanichoma macho na mti umenila bega, nami nikamwambia kitu cha kwanza kilichonijia. "Angalia bantu benye banakubeba."

Akainua kichwa, akatuhesabu. "Bane."

"Na Tate."

"Batano."

"Na Padri."

"Ule anasemasema tu."

"Lakini anatembea kwa miguu."

Akamtazama Padri kwa muda, jinsi alivyokuwa akichomoa kiatu kwenye tope. "Basi, sita," akasema, na akalala.

Munganga wa disipanseri alikiosha kidonda kwa maji yale ya dawa ya zambarau, akakata kilichokuwa kimekufa, akampiga sindano. Mtoto alilia mpaka mimi nikatoka nje. Munganga alinifuata, akaniambia kwamba kama tungechelewa juma moja angekuwa anazungumza nami juu ya msumeno au juu ya jeneza. Kisha akaniuliza swali la kazi yake: kwa nini mtoto aliyekuja darasani kila siku ameletwa amechelewa hivi? Nikamjibu. Akarudi ndani kwa mgonjwa wake.

Godeliva alikaa huko zaidi ya miezi miwili. Baisikeli ilipewa katekista mwingine, ambaye naye hakuwa na mahali pa kuiendesha, akawa anaanikia nguo. Na Padri alipokuja tena kujaza daftari akakuta mahali pa wagonjwa pamejaa mpaka ukingoni. Akaniambia kwa masikitiko, "Karoli, darasa yako imeharibika." Nikamwambia ndiyo, Padri.

Lakini haikuharibika kwa siku moja. Hilo ndilo ninalotaka mlijue ninyi mnaodhani kosa huondoka ukishalikiri. Siku Godeliva aliporudi, akichechemea kidogo, kovu likimetameta, nililipasua lile benchi mbele ya watoto, tukalifanya kuni. Nikawaambia kwamba yale yote ya jino na sikio nilikosea, Mungu hatoi magonjwa kama polisi anavyotoa fimbo. Nikauliza, "Sasa, nani anaumwa leo?" Hakuna aliyenyanyua mkono. Walinitazama kama mbwa aliyewahi kumwagiwa maji ya moto anavyotazama sufuria. Basi nikafungua mdomo wangu, nikainama, nikawaonyesha jino. Lilikuwa jeusi. Walikuja mmoja mmoja kuchungulia, na Silivestri akaomba kuligusa.

Baada ya hapo mikono ikapanda. Mama yangu! Masikio, matumbo, funza wa vidoleni, mwiba uliokuwa ndani ya unyayo tangu msimu wa panzi. Silivestri alikohoa kikohozi kirefu cha kujidai, cha mtu aliyekopwa vikohozi vingi. Nikachemsha maji, Godeliva akashika kitambaa, tukaosha na kutoa funza mpaka jua likawa juu. Nikawasimulia kwamba Yesu alipokutana na wagonjwa alianza kwa kuwagusa. Hiyo tu ndiyo ilikuwa katekisimu ya siku hiyo, na waliisikia mikono yao ikiwa ndani ya mikono yangu.

Akabaki mmoja kwenye mstari, Yustina, mdogo kuliko wote, mtoto ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia sauti yake peke yake, bila ya wenzake. Nikamtazama miguu: safi. Masikio: safi. Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Miye sina kidonda."

"Basi mbona umekaa kwenye mstari?"

"Mama yangu alikufa wakati wa mvua. Mwalimu hakuulizaka."

Alikuwa amekuja kila siku. Aliimba, alijibu, alikariri kwamba watu wanateseka kwa sababu ya dhambi. Nami nilishika sufuria ya maji ya moto na sikuwa na kitu cha kuosha.

Godeliva akanivuta shati. "Mwalimu," akasema, "huyu tunamubeba wapi?"

Hakuuliza kwa maombolezo. Aliuliza kama mtu wa kazi, anayetaka kujua njia. Nikaweka sufuria chini. Tukatoka wote, watoto arobaini na mimi, tukaenda nyumbani kwa Yustina. Baba yake tulimkuta amekaa mlangoni, na jiko lake lilikuwa na majivu ya zamani yaliyoota ukungu. Hatukumhubiria, wala hatukuimba. Wakubwa walichota maji, wadogo walifagia uwanja, wengine walikaa tu karibu naye, kwa sababu alikuwa mtu wa kukaliwa karibu. Baadaye yule baba akaanza kutuhesabu kwa macho, akachanganyikiwa, akahesabu tena, kisha akasimama akaingia ndani kutafuta ndizi zinazoweza kututosha. Yustina akakimbia kutafuta kuni.